Nani Anamcheka Mkalimani? Ufasiri kama Kigezo cha Kuhakiki Filamu za Vichekesho

Ikisiri

Mjadala kuhusu filamu bora ya kichekesho aghalabu huishia katika kauli kwamba kila mtu ana ladha yake. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Yanachunguza nafasi ya mkalimani katika filamu tatu, yaani The Great Dictator (1940), Airplane! (1980) na The Gods Must Be Crazy (1980), kisha yanazilinganisha na usimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya video. Inadaiwa kwamba swali la iwapo mkalimani mwenyewe anaweza kuchekwa ni kigezo cha kiisimu kinachoweza kutumiwa kupima filamu hizo bila kurejelea ladha pekee.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017, BBC iliwaomba wahakiki 253 wa filamu kutoka nchi 52 wataje filamu za vichekesho wanazoziona bora kuliko zote. Some Like It Hot ya Billy Wilder (1959) ilishika nafasi ya kwanza, ikifuatwa na Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick (1964) na Annie Hall ya Woody Allen (1977). Filamu hiyo ya Wilder ndiyo iliyoongoza pia orodha ya vichekesho iliyotolewa na Taasisi ya Filamu ya Marekani mwaka 2000. Katika kumi bora za mwaka 2017 hamna filamu hata moja kutoka Afrika wala Asia. Aidha, isipokuwa Playtime ya Jacques Tati (1967), ambayo mazungumzo yake hugeuzwa kuwa kelele za mandharinyuma, zote ni filamu za Kiingereza.

Jambo hili la mwisho halipaswi kupitwa juujuu. Mhakiki anapotaja kichekesho akipendacho, hutaja pia, bila kukusudia, lugha ambayo anaweza kuchekea bila msaada. Utani hauvuki mipaka ya lugha kwa wepesi wa kisa cha mapigano au cha mapenzi. Unapovuka, huvushwa na mtu: mkalimani, mwandishi wa manukuu, au msimulizi anayesema juu ya sauti za waigizaji. Orodha za aina hii humsahau mvushaji huyo.

Mabishano ya watazamaji wa Afrika Mashariki kuhusu nani mchekeshaji zaidi, Said Ngamba (Mzee Small) au Amri Athumani (King Majuto), yana vigezo vyake pia: uso, mwendo, lafudhi, wepesi wa kujibu. Hata hivyo, uhakiki wa Kiswahili umezipa riwaya, ushairi na tamthiliya nafasi kubwa kuliko filamu, na filamu ya kichekesho imepewa nafasi ndogo zaidi. Dalili mojawapo ni istilahi zenyewe. Ramsa, futuhi na komedia hutumiwa na wahakiki mbalimbali bila mipaka iliyokubaliwa, na zote zimeundwa kwa kuitazama jukwaa la maigizo na si skrini.

2.0 Msingi wa Nadharia

Raskin (1985) anaeleza kwamba matini huchekesha iwapo inaafikiana, kwa sehemu au kwa ukamilifu, na skripti mbili zinazokinzana. Attardo na Raskin (1991) waliipanua nadharia hiyo kwa kubainisha nyenzo sita za maarifa zinazounda utani: ukinzani wa skripti, mantiki ya kichekesho, hali, mlengwa, mkakati wa usimulizi na lugha. Makala haya yanajikita katika mbili kati ya hizo, yaani mlengwa, ambaye ndiye anayebeba mzigo wa kicheko, na mkakati wa usimulizi.

Mkalimani ni mhusika wa kichekesho kwa asili ya kazi yake. Kila anapofungua kinywa, skripti mbili huwekwa sambamba: kilichosemwa na kinachodaiwa kuwa kimesemwa. Pengo lililopo baina yake laweza kuwa dogo au pana, la bahati mbaya au la makusudi. Swali la kihakiki ni hili: pengo hilo linapofumbuka, mzigo wa kicheko humwangukia nani? Yaweza kuwa msemaji wa asili, mkalimani, au hadhira iliyodhani kwamba inaelewa.

3.0 Mkalimani Anayechekwa

Charlie Chaplin alijenga umaarufu wake katika filamu bubu, ambazo hazikuhitaji mkalimani. Ushahidi wa jinsi mwili wake ulivyovuka mipaka upo katika kamusi za Kiswahili zenyewe. Neno chale, kwa maana ya mtu mwenye vituko vya kuchekesha, huhusishwa na jina lake. Neno hilo ni tofauti na chale ya kuchanjwa mwilini, ijapokuwa yanatamkwa vilevile. Ni nadra msanii wa kigeni kuingia katika lugha kama nomino ya kawaida.

Sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, Chaplin aliikwepa kwa muda mrefu. Katika City Lights (1931), hotuba za viongozi wanaozindua mnara zinasikika kama milio mikali isiyo na maneno. Katika Modern Times (1936), sauti yake inasikika kwa mara ya kwanza, lakini katika wimbo wa maneno yasiyo ya lugha yoyote. Alipokubali hatimaye kutengeneza filamu ya mazungumzo kamili, The Great Dictator, alimweka ndani yake mkalimani. Hilo si jambo la sadfa.

Dikteta Hynkel anahutubia umati kwa Kijerumani cha kubuni, chenye makohozi, ngurumo na majina ya vyakula yaliyochomekwa humo. Hata vipaza sauti vinapinda mbele yake. Juu ya sauti hiyo, mkalimani anatoa tafsiri ya Kiingereza kilichotulia na kupigwa pasi. Hynkel anapofoka kwa kirefu dhidi ya Wayahudi, mkalimani anatoa sentensi moja fupi kwamba kiongozi amewataja Wayahudi. Ukinzani wa skripti hauhitaji kuelewa Kijerumani, kwani urefu na ukali wa kauli ya kwanza vinatosha kuishtaki ya pili. Mlengwa basi ni wawili kwa pamoja: mkatili anayefoka, na sauti ya adabu inayoupunguza ukatili wake ili usikike kama taarifa ya kawaida. Kwa filamu iliyotoka mwaka 1940, kicheko cha pili ndicho kizito zaidi, kwa kuwa kinawagusa wale waliokuwa wakiyasikia maneno hayo redioni na kuyaona si ya kutisha.

Airplane!, mojawapo ya filamu kumi bora katika orodha ya BBC, inatumia mbinu hiyohiyo kwa lengo tofauti. Abiria wawili Wamarekani weusi wanazungumza kwa lahaja ya mtaani, na manukuu yanayopita chini ya skrini yanaitafsiri kwa Kiingereza kilichokakamaa. Mhudumu wa ndege hawaelewi. Bibi mmoja mzungu, wa makamo na mwenye heshima zake, anajitolea kukalimani kwa kuwa anaijua lahaja hiyo. Onyesho hili halina usafi kamili: linaichukulia lugha ya raia weusi kana kwamba ni lugha ya ugenini katika nchi yao. Hata hivyo, kicheko hakitokani na abiria kusema vibaya. Kinatokana na manukuu yanayojitia usanifu usiohitajika na dhana ya mtazamaji kuhusu nani anaweza kujua lugha gani. Mkalimani na mwandishi wa manukuu wamewekwa wazi, nao wanachekwa.

4.0 Mkalimani Asiyechekwa

The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys ilitoka mwaka uleule wa 1980 na kupendwa katika nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Xi, anayeigizwa na N!xau wa Namibia, anaokota chupa ya soda iliyotupwa kutoka kwenye ndege. Chupa inapozusha ugomvi katika jamii yake, anaanza safari ya kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Watazamaji wanaoitetea filamu hii husema, na wana hoja, kwamba anayechekwa zaidi ndani yake ni mtu wa mjini: mtumwa wa saa, wa gari bovu na wa haya mbele ya wanawake.

Uchunguzi wa mlengwa ungeishia hapo, filamu hii ingetoka na alama nzuri. Uchunguzi wa mkakati wa usimulizi unafichua jambo jingine. Tangu mwanzo, sauti ya msimulizi asiyeonekana inaeleza Wasan ni nani, wanaamini nini, na Xi anafikiri nini anapoitazama chupa. N!xau anasema lugha yake, lakini kwa mtazamaji asiyeijua maneno hayo yanabaki kuwa sauti tu, na maana inatolewa na msimulizi. Pengo baina ya kauli na tafsiri lipo, ila filamu haimruhusu mtazamaji aliangalie. Msimulizi hakosei, hasiti, hapatwi na kichekesho chochote. Ndiyo maana dai lake kwamba Wasan waliishi katika utengano kamili, bila mali wala ugomvi, lilipita kama taarifa. Filamu ya hali halisi ya John Marshall, N!ai, the Story of a !Kung Woman, iliyotoka pia mwaka 1980, inaonesha hali tofauti: watu wa jamii hiyo wakiishi katika makazi ya Tsumkwe chini ya utawala wa Afrika Kusini, na kamera za Uys zikiwa kazini papo hapo.

Ndani ya filamu ya Uys kuna hata hivyo mkalimani wa pili, naye ni Mpudi, anayemkalimania Xi mahakamani anaposhtakiwa kwa kumwinda mbuzi wa watu. Hapo msimulizi ananyamaza, na mtazamaji anaachwa na mtu anayehangaika kuunganisha sheria na mshtakiwa asiyeijua sheria hiyo. Onyesho hilo ni miongoni mwa yaliyo bora katika filamu nzima, kwa kuwa udhaifu wa ufasiri umewekwa hadharani, na kejeli inaiangukia mahakama. Kasoro ya filamu, kwa hiyo, haipo katika kumchekea Xi. Ipo katika kumpa mkalimani mmoja mamlaka ambayo hakuna anayeweza kuyacheka.

5.0 Msimulizi wa Kibanda cha Video

Katika Afrika Mashariki, mkalimani wa filamu alitoka skrini akaingia ukumbini. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa jijini Dar es Salaam kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwanza mbele ya watazamaji na baadaye kwa kanda zilizorekodiwa. Matthias Krings ameichunguza kazi hiyo kwa kina, ikiwemo namna Lufufu alivyoisimulia upya Karishika, filamu ya Nigeria. Nchini Kenya, DJ Afro amejipatia hadhira kubwa kwa kazi ya aina hiyo.

Kwa juujuu, msimulizi wa kibandaumiza anafanana na msimulizi wa Uys. Wote wawili wanasema juu ya sauti za wengine, na wote wanaziba pengo la lugha kwa kauli zao. Tofauti ni tatu. Kwanza, msimulizi wa kibanda hajifichi: jina lake ni sehemu ya bidhaa, na mtazamaji anajua kwamba anasikiliza toleo la fulani. Pili, mtindo wake unachanganya tafsiri, maelezo na mzaha, hivi kwamba mipaka baina yake inasikika katika sauti yenyewe. Tatu, hadhira yake ina uhuru wa kubisha. Anapomwekea mhusika maneno yasiyolingana na uso wake, kicheko kinachozuka kinamhusu yeye pamoja na mhusika. Hapa pengo baina ya kauli na tafsiri ndilo burudani.

Yaweza kupingwa kwamba hoja hii inampamba msimulizi. Naye hufuta sauti za waigizaji, na mizaha yake yaweza kuwaonea wanawake au watu wa kabila fulani. Pingamizi hilo ni la haki. Kigezo kinachopendekezwa hapa hakimwondolei msimulizi lawama. Kinaonesha tu mahali pa kumshika, jambo ambalo msimulizi wa Uys hakuliruhusu. Utamaduni wa utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, umejengwa juu ya kanuni iyo hiyo: mwenye ruhusa ya kutania ana wajibu wa kutaniwa. Utani wa upande mmoja una jina jingine, nalo ni dharau.

Kigezo hiki kinafaa pia pale ambapo mkalimani na mhusika ni mtu mmoja. Benson Wanjau, aliyekuwa Mkikuyu, aliigiza kwa miaka mingi katika televisheni ya Kenya kama Mzee Ojwang', kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ambamo shida hugeuka sida kwa kuwa Kijaluo hakina sauti sh. Angeigiza kama mtu wa kuchekwa lafudhi tu, kazi hiyo ingekuwa dhihaka ya kabila. Lakini Ojwang' alikuwa na ulimi wa kujibu. Lafudhi yake ilikuwa chombo chake cha kuwacheka wengine, si alama ya kuchekwa pekee.

6.0 Hitimisho

Kwa kigezo hiki, The Great Dictator inastahili nafasi ya juu kuliko The Gods Must Be Crazy, na sababu yake inaweza kujadiliwa kwa ushahidi wa matini: ya kwanza inamfichua mkalimani, ya pili inamficha. Hili halimzuii mtazamaji kucheka zaidi katika ya pili. Linamzuia tu kusema kwamba tofauti baina yake ni ya ladha.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, hatua inayofuata ni ya kimatendo. Simulizi za vibanda vya video zinahitaji kukusanywa, kunukuliwa na kulinganishwa na matini asilia neno kwa neno, kabla kanda zake hazijaharibika. Humo mna ushahidi wa namna wazungumzaji wa Kiswahili walivyoamua kipi kinachekesha, kipi kielezwe na kipi kiachwe. Uamuzi huo ni uhakiki, hata kama waliouufanya hawakuuita hivyo.