Bi- ya Bikini: Uhakiki wa Etimolojia Moja

Makala haya mafupi yanakusudia kuhakiki maelezo yaliyozoeleka kuhusu neno bikini, vazi la kike la kuogelea. Yadaiwa kwamba bi- ni "mbili", kwa kuwa vazi lenyewe lina vipande viwili. Maelezo haya yanavutia, lakini historia inayakana.

Tarehe 1 Julai 1946 Marekani ililipua bomu la atomiki katika kisiwa cha Bikini, Visiwa vya Marshall, baada ya kuwahamisha wenyeji 167 mwezi Machi. Siku 4 baada ya mlipuko huo, Louis Réard alionyesha vazi lake mjini Paris, akalipa jina lililokuwa vinywani mwa watu. Kwa Kimarshall kisiwa huitwa Pikinni: pik ni uwanda, ni ni mnazi. "Mbili" haimo.

Hata hivyo, kosa hilo limezaa. Mwaka 1964 Rudi Gernreich alibuni monokini. Baadaye zikaja tankini na burkini, kana kwamba -kini ni mzizi. Waswahili nasi hatuna haki ya kucheka: neno la Kiarabu kitabu tulilikata ki-, tukapata vitabu. Naye msemaji wa Nyamitaba, Masisi, angeweza kulikata bikini mahali palepale kwa sababu nyingine kabisa. Katika Kiswahili cha Kivu wingi wa kikwembe, nguo ajifungayo mwanamke, ni bikwembe; bi- kwake ni wingi, wala si mbili.

Huenda msomaji akauliza, neno hili la ufukweni laihusu nini Kongo? Lahusu sana. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Hoja yetu, basi, ni hii: mkato wa uongo ni ushahidi halali wa namna wasemaji wanavyoiona lugha yao, na unastahili kuchunguzwa, lakini haufai kuandikwa kuwa ndiyo asili. Wenyeji wa Bikini waliorejea kwao miaka ya 1970 waliondolewa tena mwaka 1978 kwa sababu ya mionzi. Kamusi itakayosema bi- ni mbili itakuwa imewahamisha mara ya tatu.