Tathmini ya Ununuzi wa Shirika la Ndege la National Uliofanywa na Pan Am, 1978–1980

Ununuzi wa National mara nyingi hutajwa kuwa kosa lililoiua Pan Am. Hukumu hiyo ina ukweli, ila imetolewa kwa pupa, kwani inauchukulia ununuzi huo kama uamuzi wa siku moja. Mchakato wenyewe ulianza katika nusu ya pili ya mwaka 1978 na kukamilika Januari 1980, na katika kipindi hicho sababu iliyouzaa ilitoweka.

Sababu hiyo ilikuwa nzito. Njia za ndege nchini Marekani ziligawiwa na bodi ya serikali, na kwa miongo kadhaa bodi hiyo iliinyima Pan Am safari za ndani, ukiacha zile za Hawaii na Alaska. Wakati huohuo mashirika ya ndani yalipewa baadhi ya njia za ng'ambo. National, yenye makao yake Miami, ilikuwa ikienda London tangu 1970. Abiria wa Chicago aliyeelekea Roma aliweza kusafiri na TWA mwanzo hadi mwisho, ilhali Pan Am ilimsubiri New York. Chini ya utaratibu huo, kununua shirika lenye njia za ndani kulikuwa karibu mlango pekee uliobaki. Aliyeamua hivyo katikati ya 1978 hawezi kulaumiwa kwa urahisi.

Lakini tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa usafiri wa anga. Kilichokuwa kikiuzwa kikaanza kupatikana bure: shirika lingeweza kuanzisha njia mpya kwa ndege na wafanyakazi wake lenyewe. Hapo ndipo hesabu ilipaswa kufanywa upya. Badala yake, bei ilipanda. Texas International, shirika dogo lililoongozwa na Frank Lorenzo, lilikuwa limejikusanyia hisa za National. Eastern nayo ikajitokeza kutaka kununua. Pan Am ikalipa dola 50 kwa hisa. Lorenzo aliuza hisa zake na kuondoka na faida ya makumi ya mamilioni ya dola. Kwa kejeli ya historia, yeye ndiye mshindi wa wazi wa mnada alioshindwa.

Na Pan Am ilipata nini? Njia za National ziliunganisha hasa Florida, pwani ya mashariki na kusini mwa nchi hadi California. Miji ya katikati, ambako abiria wa ng'ambo walihitajika kukusanywa, haikuguswa sana. Ndege za Boeing 727 zilifaa. DC-10 zilileta matatizo, kwa kuwa Pan Am ilikuwa tayari imeagiza TriStar, ndege ya ukubwa unaokaribiana lakini yenye injini tofauti, vipuri tofauti na mafunzo tofauti. Mishahara ya wafanyakazi wa National ilipandishwa ilingane na ile ya Pan Am, hivyo hata unafuu wa gharama uliokuwa umenunuliwa ukapotea.

Watetezi wa ununuzi huu huelekeza lawama kwenye mafuta yaliyopanda bei mwaka 1979 na mdororo wa uchumi uliofuata. Hoja hiyo haipuuziki, lakini inakwenda kinyume na inavyokusudiwa: shirika lililotumia akiba yake kununua njia ndilo lililokosa kinga dhoruba ilipofika. Jengo lake la New York liliuzwa kwa dola milioni 400, kiasi kinachokaribiana na gharama ya National. Hoteli za InterContinental zikafuata mwaka 1981. Mwaka 1985 ilikubali kuiuzia United njia za Pasifiki kwa dola milioni 750, na hizo hazikuwa mzigo, bali sehemu ya kiini cha biashara yake.

Kitu kimoja kilidumu. Miami, mji wa National, ulibaki kituo muhimu cha Pan Am kwa safari za Karibea na Amerika ya Kusini, na ndiko ilikotua ndege yake ya mwisho yenye abiria, ikitokea Bridgetown, tarehe 4 Desemba 1991.