Kiwango, Usajili na Hujuma: Uhakiki wa Lugha ya Mashabiki wa Kandanda

Sisi wakuza istilahi tumezoea kuhakiki lugha ya maofisini, ya vitabu vya kiada na ya magazeti. Ni nadra kwetu kuketi kwenye kijiwe cha kahawa asubuhi ya pili baada ya Simba au Yanga kucheza, tukasikiliza namna Kiswahili kinavyofanya kazi hapo. Kasoro hiyo ni yetu. Ni mahali pachache nchini ambapo mwalimu, kuli, karani na muuza samaki huketi benchi moja kwa saa nzima wakipima kazi ya mtu mwingine, wakitoa hoja na kudai ushahidi, kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Makala haya yanakusudia kuihakiki lugha ya mabishano hayo, hususan yahusuyo mambo mawili: nani asajiliwe na nani aachwe, na nani amecheza vema na nani amecheza vibaya. Rai yetu ni kwamba lugha ya mashabiki ni tajiri mno katika kuzitaja kazi za mchezaji, lakini hukwama inapofika katika kuzipima. Kukwama huko hakutokani na uhaba wa maneno. Kunatokana na maneno machache kubebeshwa mizigo isiyo yao, na anayeumia ni mchezaji.

Utajiri wa msamiati

Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, ingawa Simba ilichukua jina lake la sasa mwaka 1971 baada ya kuitwa Sunderland. Mabishano baina ya mashabiki wao yana umri wa kutosha, na lugha yake imepata muda wa kukomaa. Tazama maneno haya: mlinda mlango, beki wa kati, beki wa pembeni, kiungo mkabaji, kiungo mshambuliaji. Neno kiungo lingemletea sifa mwanaistilahi yeyote. Ni lile lile tulitumialo kwa goti na kiwiko, na kwa kile kinachokolezwa mchuzini. Hapa humtaja mchezaji aungaye walio nyuma na walio mbele. Kuongeza mkabaji kunatosha kueleza kazi ambayo lugha nyingine huihitajia sentensi nzima.

Namba nazo zimekuwa istilahi kamili. Asili yake ni jezi zilizovaliwa kwa utaratibu wa moja hadi kumi na moja, lakini leo namba hutaja kazi wala haitaji nguo. Feisal Salum alipokuwa Yanga alivaa jezi namba 6, na mara nyingi alicheza namba kumi. Hakuna shabiki anayebabaishwa na sentensi hiyo. Mtafsiri ndiye hubabaika, akaandika kwamba mchezaji alibadilisha jezi. Kwa hiyo tunawashauri watafsiri waandikapo taarifa rasmi wataje kazi yenyewe, na namba waiache kijiweni, ambako inaeleweka barabara.

Kiwango

Ugumu huanza na neno kiwango. Kwa asili ni kipimo au kiasi kilichowekwa: tuna kiwango cha joto, kiwango cha mshahara, kiwango cha riba. Katika kila mfano kuna kizio: digrii, shilingi, asilimia. Katika kandanda neno limebaki na kizio kimepotea.

Chukua mfano wa Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia. Alijiunga na Simba mwaka 2018, akaenda RS Berkane ya Moroko mwaka 2021, akarejea Simba mwaka 2022, na Julai 2024 akahamia Yanga. Katika siku zile tulisikia kwenye benchi moja mtu akisema kiwango cha Chama kimekwisha, na jirani yake akisema kiwango cha Chama hakina mfano. Walibishana hadi kahawa ikapoa. Tulipowasikiliza kwa makini tuligundua kwamba hawakuwa wakipingana. Wa kwanza alizungumzia mbio za miguu katika miezi ya karibuni. Wa pili alizungumzia jicho la kuona pasi, ambalo halizeeki upesi. Kila mmoja alikuwa na hoja, na neno moja liliwafanya wahasimu.

Maana ya tatu huongeza utata. Msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa Ligi Kuu alikuwa George Mpole wa Geita Gold kwa mabao 17, akimzidi kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga, ambayo ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Msimu uliofuata Mayele alilingana na Saido Ntibazonkiza, kila mmoja mabao 17. Lakini Mayele alikuwa namba tisa wa klabu moja msimu mzima, ilhali Ntibazonkiza alianza msimu Geita Gold akaumaliza Simba. Je, kiwango chao kilikuwa sawa? Mwenye kuhesabu mabao atasema ndiyo. Mwenye kutazama mchezaji alizungukwa na nani uwanjani atataka kwanza aulizwe swali jingine.

Tusijifanye kwamba sisi tuko nje ya kosa hili. Miaka michache iliyopita tuliletewa rasimu ya fomu ya kujazwa na maofisa michezo wilayani, ili tuisanifu lugha yake. Ndani yake mlikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Kiwango cha mchezaji". Tulisahihisha nukta na herufi kubwa, kisanduku tukakipitisha. Fomu ziliporudi, ofisa mmoja alikuwa ameandika "kizuri", wa pili "mabao tisa", wa tatu "daraja la kwanza", na wa nne "anapanda". Wote walikuwa wamejaza sawasawa. Sisi ndio tuliouliza bila kujua tunauliza nini.

Usajili na kuvunja mkataba

Neno la pili ni usajili. Maana yake ya msingi ni kuingiza jina daftarini. Kijiweni hutumika kwa mambo matatu: mchezaji kutia saini mkataba na klabu, jina lake kuidhinishwa na TFF, na ubora wa wachezaji wote walionunuliwa, kama katika kusema "usajili wa mwaka huu ni mbovu". Katika mzozo wa Bernard Morrison, mchezaji kutoka Ghana, Yanga ilishikilia kwamba ana mkataba nayo, naye akakana. Agosti 2020 kamati ya TFF iliamua kuwa yu huru, Simba ikamchukua. Yanga ikakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, na mwaka 2021 ikashindwa. Muda wote huo shabiki aliyeuliza "Morrison amesajiliwa na nani?" alikuwa akiuliza maswali mawili katika kauli moja: nani ana saini yake, na jina lake limo katika orodha ya nani? Majibu ya maswali hayo si lazima yafanane.

Utata ulio mzito zaidi umo katika kuvunja mkataba. Desemba 2022 Feisal Salum aliiarifu Yanga kwamba anaachana nayo kabla ya mkataba kwisha. Januari 2023 kamati ya TFF iliamua kuwa angali mchezaji wa Yanga, na Juni 2023, baada ya klabu kuelewana, alihamia Azam. Kwa miezi hiyo nchi nzima ilisema Feisal amevunja mkataba. Waliomlaumu walimaanisha kwamba amekwenda kinyume cha ahadi aliyoitia saini. Waliomtetea walimaanisha kwamba ameukomesha mkataba kwa njia ambayo mkataba wenyewe unairuhusu. Kitenzi kilikuwa kimoja. Kwa wa kwanza kilikuwa shtaka, kwa wa pili kilikuwa haki. Swali lililokuwa mbele ya kamati lilikuwa hasa lipi kati ya hayo mawili limetokea, na lugha ya mjadala haikuwa na njia ya kuliuliza. Kiswahili kina kukiuka mkataba kwa maana ya kwanza na kusitisha mkataba kwa maana ya pili. Karani au mtafsiri anayeandika kuvunja katika hati ya kisheria anaacha mlango wazi ambao wakili atapita.

Hujuma

Tunafikia sasa neno lililotusukuma kuandika. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na siku chache tu baadaye Simba iliachana na kocha wake. Mlinda mlango wa Simba siku ile alikuwa ametoka katika majeraha ya muda mrefu. Hapo palikuwa na mambo matatu ya kujadili: uwezo wa mlinda mlango, uliojulikana kwa miaka, utayari wake baada ya kukaa nje kwa miezi, na yaliyotokea katika dakika 90 zile, ambayo hayakuwa yake peke yake. Lakini kwa mwenye neno moja tu la kupimia, hesabu haikubali. Ikiwa kiwango cha mtu ni kikubwa, na leo amefungwa matano, basi pana siri. Ndipo yanapoingia maneno kuuza mechi, kutumwa na kuhujumu.

Neno hujuma lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya shambulio, na katika historia yetu lilipewa makali ya kisheria mwaka 1983, serikali ilipopitisha sheria maalumu na kuwasaka wahujumu uchumi. Watu walikamatwa na kufikishwa mbele ya baraza maalumu kwa neno hilo. Hatudhani kwamba kijana anayelitamka kijiweni anayakumbuka hayo, lakini uzito wa neno haungoji kukumbukwa. Mchezaji aliyeitwa mhujumu hatafutiwi mazoezi wala tabibu, hutafutiwa ushahidi. Mkataba wake ukiisha, klabu nyingine husita. Watoto wake huulizwa shuleni. Upungufu wa msamiati wa kupima umegeuka tuhuma ya jinai, na aliyeitoa hana nia mbaya. Alikuwa akitafuta maelezo ya jambo ambalo lugha yake haikumpa pa kuliweka.

Mapendekezo

Wanaistilahi tungeweza sasa kurudi ofisini tukabuni neno jipya. Haikuwa lazima. Tulipoketi kwenye benchi lile kwa mara ya tatu, mzee mmoja alisema juu ya mshambuliaji aliyetoka katika maumivu: "Yule mpira anaujua, ila amepoteza makali." Hakuna aliyemwuliza ana maana gani.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno matatu ambayo mashabiki wenyewe wanayo. Uwezo uwe ni kile ambacho mchezaji anaweza kufanya, kwa kipaji na mafunzo. Makali yawe ni hali ya uwezo huo kwa wakati maalumu. Kisu butu ni kisu bado, na makali hunolewa. Mchango uwe ni kile kinachohesabika: mabao, pasi za mabao, mikwaju iliyookolewa, dakika alizocheza. Kiwango kibaki pale tu ambapo kipimo kimetajwa. Usajili ubaki kwa jambo la daftarini, na kutia saini kuwe kutia saini.

Wako watakaosema kwamba kandanda ni burudani, na mashabiki waachwe waseme wapendavyo. Tunakubali kwamba hakuna baraza liwezalo kuamuru kijiwe. Lakini aliyesema jana jioni kwamba kiwango cha beki kimeshuka ndiye aandikaye leo asubuhi katika faili kwamba kiwango cha utendaji cha mtumishi hakiridhishi, bila ya kueleza ikiwa mtumishi huyo hawezi, au anaweza ila mwaka huu aliuguliwa, au kazi yake haikuhesabiwa vema. Tabia ni ile ile, na mtumishi hana uwanja wa kujitetea mbele ya watu elfu sitini.

Tungependa walimu na watafsiri wa mikoani watuandikie. Ushahidi wetu juu ya neno makali umetoka Dar es Salaam tu. Tunataka kujua kama wa Mwanza, Mbeya, Tanga na Unguja hulitumia kwa maana hiyo hiyo, au kama wana neno lililo bora zaidi ambalo bado halijatufikia.