Paka-mtu Mbele ya Mtutu: Simba wa Tsavo na Tatizo la Kumuumba Shujaa

Bunilizi za kifantasia zilikwisha kupata nafasi katika riwaya ya Kiswahili tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), na Kyallo Wadi Wamitila alipoitoa Bina-Adamu! (2002). Hata hivyo, fantasia ya vita, yaani ile inayojenga dunia kamili yenye majeshi, silaha na viumbe wasio binadamu, bado ni changa. Mmoja wa wahusika wake maarufu ng’ambo ni paka-mtu: askari mwenye kimo cha binadamu na makucha ya chui. Makala haya yanashikilia kwamba paka-mtu wa enzi ya baruti aliyeumbwa kwa ustadi mkubwa zaidi Afrika Mashariki hakuumbwa na mwandishi. Aliumbwa na vibarua wa reli mwaka 1898. Yanashikilia pia kwamba umbo hilo lina dosari moja nzito, na dosari hiyo ndiyo inayopaswa kumshughulisha mtunzi, hasa mtunzi atakayeiandika fantasia hiyo akiwa Muthurwa.

Muthurwa ni mtaa wa reli. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na barabara ya Landhies ipitayo kando yake inakumbusha landhi, makazi ya wafanyakazi hao. Leo wengi wanaujua kwa soko lililofunguliwa mwaka 2008, lakini asili yake ni ile njia ya chuma iliyotoka Mombasa na kufika Nairobi mwaka 1899. Njia hiyo ndiyo iliyokumbana na simba wawili wa Tsavo.

Kisa chenyewe kinajulikana kutokana na kitabu cha J. H. Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, kilichotoka mwaka 1907. Tangu Machi hadi Desemba 1898 simba hao waliingia kambini usiku na kuwatoa watu mahemani. Patterson anaeleza, kwa dhihaka kidogo, kwamba vibarua walimhakikishia kuwa kupiga risasi ni kazi bure: hao hawakuwa simba, bali roho za machifu wawili wa nchi ile waliokwisha kufa, waliovaa miili ya simba ili kuipinga reli isipite katika ardhi yao. Maelezo haya Patterson anayataja na kuyapita. Mhakiki hana budi kusimama hapo.

Kwanza, shujaa huyu ameumbwa kutokana na sababu yake, si kutokana na manyoya. Hakuna masikio yaliyochongwa juu ya kichwa cha mtu, wala mkia uliofungwa juu ya suruali. Mwili ni wa simba kamili. Utu wake unakaa katika dai lake: ardhi. Hapa ndipo watunzi wengi wa fantasia wanapoteleza. Wanampa paka-mtu rangi ya macho, jina la ukoo na upanga wa ajabu, kisha wanamtafutia vita vya kupigana. Vibarua walianza na vita, na mwili ukafuata.

Pili, bunduki imepewa nafasi inayostahili. Fantasia ya baruti huharibika pale silaha inapokuwa pambo tu, au pale inapoweza kila kitu. Mtunzi anapaswa kuijua kama fundi. Bunduki ya mrao ina utambi unaowaka. Gizani utambi huo unaonekana, na harufu yake inamfikia mnyama kabla ya risasi. Gumegume haina utambi, lakini unyevu ukiingia katika baruti haiwaki. Gobori lolote linamtaka askari amimine baruti, ashindilie kwa mdeki na kulenga upya, na katika muda huo paka amekwisha kuruka. Kufikia 1898 bunduki za viasi zilikuwa zimepunguza muda huo, na hata hivyo Tsavo zilishindwa mara kwa mara. Patterson alitengeneza mtego wa chuma, akawaweka askari ndani ya sehemu yake yenye kinga. Simba akaingia, wakafyatua risasi takriban ishirini kutoka karibu mno, naye akatoka akaenda zake. Siku nyingine bunduki ya kuazima aliyoichukua kwa kuiamini ilikataa kulia, simba akiwa mbele yake. Ajali hizi za mtambo, machoni pa vibarua, zilikuwa ushahidi. Ubora wa umbo hili unatokana na hilo: nguvu ya kichawi ya mhusika na udhaifu wa teknolojia ni kitu kimoja kinachosomwa kwa njia mbili, na msimulizi halazimiki kuchagua.

Dosari ni hii. Machifu hao waliipinga reli, lakini hawakumla mwenye reli. Waliliwa vibarua wa Kihindi na Waafrika waliokuwa wakichimba na kubeba. Patterson baadaye alidai waliouawa walikuwa 135. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu kama 35. Kwa vyovyote vile, walioliwa walikuwa wale wale walioitunga hadithi ya machifu. Hadithi hiyo inampa muuaji haki dhidi ya watunzi wake, jambo adimu katika simulizi za kishujaa.

Dosari hiyo haikuanzia Tsavo. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paka wa sultani anaanza kwa kuku. Watu wanaposhtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka anakua, anapanda kwa mifugo, kisha kwa watu, na jibu halibadiliki mpaka wana wa sultani wanapoliwa. Hapo ndipo anapokubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Ngano inajua kitu ambacho fantasia ya kisasa imekisahau: paka mkubwa hakui peke yake, hukuzwa na kinga ya mwenye nguvu. Jimbi na mnyonge hulipa gharama.

Filamu ya mwaka 1996 iliyotokana na kisa cha Tsavo haikuligusa suala hili. Iliwapa simba manyoya marefu ya shingoni ambayo simba wa Tsavo hawakuwa nayo, ikawafanya uovu mtupu, na dai la ardhi likabaki kama uvumi wa wasio na elimu. Miili halisi ya simba hao iko Chicago, katika Field Museum, iliyoinunua kwa Patterson ikiwa ngozi za kutandika sakafuni.

Kwa mtunzi wa Muthurwa, basi, swali si jinsi paka-mtu wake atakavyoonekana. Swali ni nani atakayeliwa. Akimweka upande wa machifu, atawaua mababu wa mtaa wenyewe. Akimweka upande wa reli, amerudi kwa Majinuni. Hali ya mtaa haimrahisishii kazi. Wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 2010 kupinga kufukuzwa, kesi ambayo uamuzi wake ulitolewa mwaka 2013, mmiliki waliyemshtaki alikuwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Adui wa namna hiyo hana kichwa cha kulengwa kwa gobori, na paka-mtu anayeingia usiku kumtafuta atakuta mahema yale yale.

Kisa kimoja tu kinapotoka katika mkondo huu. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia ndani ya behewa na kumtoa Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, aliyekuja kumwinda na akapitiwa na usingizi zamu yake ya kukesha. Behewa hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, mwendo mfupi kutoka Muthurwa. Mahema ya Tsavo hayakuhifadhiwa.