Motokaa Adimu na Thamani Yake

Kuna vitu ambavyo binadamu huvithamini kwa kuwa vinamfaa, na kuna vingine ambavyo huvithamini kwa kuwa wenziwe hawanavyo. Maji na chumvi ni vya namna ya kwanza. Almasi ya pete ni ya namna ya pili. Motokaa, kwa asili yake, ni ya namna ya kwanza, maana iliundwa ili imtoe mtu mahali pamoja na kumfikisha pengine. Lakini liko kundi la motokaa za mbio, zilizoundwa kwa idadi ndogo sana, ambazo zimehama namna ya kwanza zikaingia ya pili. Matajiri wa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba huzikusanya kama wengine wakusanyavyo picha za wachoraji mashuhuri. Yatupasa kuzipima motokaa hizi, pamoja na desturi ya wanaozinunua, kwa mizani ya haki: tusimcheke tajiri kwa kuwa ni tajiri, wala tusiistaajabie bei kwa kuwa ni kubwa.

Tuanze na motokaa yenye sifa kuliko nyingi, Ferrari 250 GTO. Iliundwa Maranello, nchini Italia, baina ya mwaka 1962 na 1964, na jumla yake ni 36 tu. Uchache huo haukuwa hila ya kibiashara. Motokaa hii ilikusudiwa kazi moja, nayo ni kushinda katika mashindano, na watu wenye uwezo wa kuinunua na ustadi wa kuiendesha hawakuwa wengi. Sheria za mashindano ya wakati ule zilitaka motokaa za aina yake ziundwe zisizopungua 100. Mwenye kiwanda, Enzo Ferrari, hakuifikia hesabu hiyo, bali alishikilia kwamba ile ilikuwa sura mpya tu ya motokaa yake ya awali. Injini yake ilikuwa na silinda 12 na ukubwa wa lita 3, nayo ilitwaa ubingwa wa aina yake miaka mitatu mfululizo, 1962, 1963 na 1964.

Ilipokuwa mpya, bei yake katika Marekani ilikuwa kama dola 18,000. Ilipopitwa na motokaa mpya katika mbio, heshima yake ilishuka kama ishukavyo heshima ya kila chombo kikuukuu. Mojawapo ilitolewa zawadi kwa shule ya sekondari katika mji wa Victoria, jimbo la Texas, wanafunzi wakajifunzia ufundi wa injini. Baadaye iliuzwa kwa dola elfu chache, kisha ikakaa miaka mingi nje uwanjani katika jimbo la Ohio, ikipigwa na mvua na theluji. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 2018, katika mnada uliofanyika Monterey, California, ndugu ya motokaa hiyo, ya aina ile ile, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 48.

Hapa yafaa msomaji asimame kidogo afikiri. Siku ile motokaa ilipokuwa ikinyeshewa Ohio, ziliundwa 36. Siku ya mnada wa Monterey, ziliundwa 36 vile vile. Uchache haukuongezeka hata kidogo. Chuma hakikugeuka dhahabu, wala injini haikupata nguvu mpya. Kilichogeuka ni macho ya watu. Vijana waliozitazama mbio zile walikuwa watu wazima wenye mali, wakatamani kununua kumbukumbu za ujana wao. Na wengine walipoona bei inapanda, walinunua kwa sababu inapanda. Basi wanaosema kwamba uchache peke yake huleta thamani wanakosea. Uchache huzaa bei pale tu unapokutana na sifa, na sifa hukusanywa kwa kazi.

Waundaji wa siku hizi wamelijua somo hili nusu nusu. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Viwanda vilipoona jinsi uchache unavyosifiwa, vilianza kuuza uchache wenyewe. Idadi hutangazwa kabla motokaa haijagusa barabara, na kila moja hubandikwa kibao chenye namba yake. Ferrari ilipotoa LaFerrari mwaka 2013, ilitangaza kwamba zitaundwa 499 tu, na wanunuzi wakachaguliwa miongoni mwa wateja wa siku nyingi. Hata hivyo, mwaka 2016 iliongezwa moja, ikauzwa mnadani kwa dola milioni 7 ili kuwasaidia waliopatwa na tetemeko la ardhi nchini Italia. Sadaka ile ilikuwa njema. Lakini ilituonyesha pia kwamba mpaka uliowekwa kwa kauli huweza kusogezwa kwa kauli.

Mfano mwingine ni Ford GT. Mwaka 2016 zaidi ya watu 6,500 waliomba kuuziwa motokaa 500 za kwanza. Kampuni iliwachagua wanunuzi, ikawatia katika mkataba wa kutoiuza motokaa kabla ya miaka miwili kupita, kisha mwaka 2017 ikamshtaki mmoja aliyeiuza mapema. Kwa nini mkataba huo? Kwa kuwa kampuni ilijua kwamba katika safu ya wapenzi wa motokaa walikuwamo walanguzi, ambao shabaha yao haikuwa usukani bali faida.

Lakini haki inatutaka tuusikilize upande wa pili. Lau si wakusanyaji, kazi nyingi za mafundi hodari zingekwisha kuliwa na kutu. Wao huwalipa mafundi wanaojua bado kunyoosha bati kwa nyundo ya mkono. Wao huhifadhi hati za kila motokaa, nani aliinunua, nani aliiendesha, ilishinda wapi, iligongwa lini. Na mali bila daftari huisha bila habari. Tena wako wasioziacha zilale. Huko Italia, tangu mwaka 1977, motokaa za zamani huendeshwa katika ukumbusho wa mbio za Mille Miglia. Na hapa kwetu, tangu mwaka 2003, Safari ya motokaa za zamani imezipitisha katika vumbi na mawe ya Afrika Mashariki, kwa ukumbusho wa Safari iliyoanza mwaka 1953.

Ninachokilaumu, basi, ni ile desturi ya kuifunika motokaa ghalani na kungojea bei. Katika masoko hayo, motokaa ambayo haikuendeshwa ndiyo ghali, na kila maili huhesabiwa hasara. Hapo chombo hukatazwa kufanya lile lililokipa jina. Chenyewe nacho hulalamika kwa namna yake: petroli huharibika tangini, mipira ya kuzuia mafuta hukauka ikapasuka, na magurudumu hukakamaa kwa kukaa mahali pamoja. Mwenyewe hana raha ya safari, naye fundi aliyeiunda hana shahidi wa ustadi wake.

Tutumie kipimo chepesi, ambacho mwanafunzi aweza kukitumia kwa motokaa, saa, viatu au kitu chochote kinachosifiwa kwa uchache. Aiondoe namba kibaoni, kisha aulize: kilichobaki chatamanika? Katika 250 GTO, yabaki mashindano matatu ya ubingwa na kazi ya mikono ya mafundi. Kama katika kitu kingine habaki ila mnunuzi aliyetangulia wenziwe mlangoni, basi aliyelipa hakununua motokaa. Amenunua nafasi katika foleni, na nafasi katika foleni hairithishwi.