Ngoma za Wazee: Vitabu Viwili Vyapimwa

Kutoka Ruiru mpaka Thika ni mwendo wa kilomita 20 hivi, lakini katika mwendo huo mfupi, ewe msomaji, waishi watu wenye imani nyingi juu ya kifo. Mwislamu humzika maiti upesi, uso ukielekea Kibla, na roho yangoja Siku ya Kiyama. Mkristo angoja ufufuo. Mhindu huuchoma mwili kwa moto, kwa kuwa roho imekwisha kuuacha, nayo itavaa mwili mwingine kwa kadiri ya matendo yake. Mambo hayo yamo katika vitabu vya shule, wala sina haja ya kuyarefusha. Neno lililo gumu ni hili: wazee wa Kikuyu, waliolima mabonde haya kabla mashamba ya kahawa hayajapandwa, wao waliamini nini? Waandishi wawili wakubwa wametujibu, na majibu yao hayapatani.

Wa kwanza ni Jomo Kenyatta, mtu wa Gatundu, karibu na Thika. Kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilitolewa mwaka 1938, baada ya masomo yake mjini London chini ya mwalimu Malinowski. Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuandika kwamba Mwafrika huabudu wafu. Kenyatta akataa kabisa. Asema kwamba ibada ni ya Ngai peke yake. Roho za wazee, ziitwazo ngoma, haziabudiwi, bali huheshimiwa na kushirikishwa. (Usidhani ni ngoma ya kupigwa, neno ni la Kikuyu.) Mzee amwagapo pombe kidogo chini kabla ya kunywa, ampa baba yake fungu lake, kama alivyompa alipokuwa hai. Tena azigawa ngoma hizo: ziko za wazazi, ziko za ukoo, na ziko za rika.

Sehemu hiyo yanipendeza kuliko zote kitabuni, ijapokuwa mwandishi asema kama wakili mbele ya hakimu, mara nyingine akiupanga ukoo wake safi mno, kama nyumba iliyofagiliwa kwa ajili ya mgeni. Lakini kesi yake ilikuwa ya kweli. Mtazame Mkikuyu wa leo wa Ruiru au Thika: akisikia neno ngoma, mara nyingi afikiri habari za Shetani. Neno lililokuwa jina la babu zake limekuwa jina la adui wa Mungu! Na neno la Roho Mtakatifu, katika Biblia ya Kikuyu, halikutafutwa katika lugha yenyewe. Liliazimwa roho, neno ambalo Waswahili nao walilipata kwa Waarabu. Sitaki kuwalaumu wafasiri, kwa maana kazi yao ilikuwa ngumu. Lakini mtoto aliyefundishwa hivyo atamkumbukaje babu wa babu yake bila hofu?

Mwandishi wa pili ni John Mbiti, Mkamba wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliyetoa African Religions and Philosophy mwaka 1969. Wafu awaita hai-wafu: maadamu yuko mtu anayewakumbuka kwa jina, wangali katika wakati auitao Sasa, akifa wa mwisho aliyewajua, yaani baada ya vizazi vinne au vitano, wazama katika Zamani. Maneno hayo mawili ameyachukua katika Kiswahili. Yachekesha kidogo kuona kwamba zamani, neno alilolichagua kwa kilindi cha wakati wa Kiafrika, asili yake ni Kiarabu. Asema pia kwamba wazee hawakuwa na wakati ujao wa mbali, na ushahidi wake ni nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Hapo sikubaliani naye. Mtu apandaye mti ambao matunda yake yataliwa na wajukuu hahitaji kitenzi maalumu ili aamini kwamba watakuwako.

Hata kipimo chake cha kumbukumbu hakitoshi nchi ya Kikuyu. Zamani Wakikuyu wengi hawakuzikwa. Mzee mwenye mali na watoto alichimbiwa kaburi, na wengine walipelekwa porini. Mkumbushaji hakuwa kaburi, basi, bali jina. Mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama, na desturi hiyo ingali hai Thika hata katika nyumba za Wakristo. Uso wa mtu hufutika baada ya vizazi vinne, lakini jina lake laendelea kuitwa kila asubuhi liende kuteka maji. Je, mtu huyo yu katika Sasa au katika Zamani?

Mwaka 1970 Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia wote wawili, akisema wameivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ipendeze machoni pa Wazungu. Shambulio hilo lamgusa Mbiti zaidi, kwa kuwa ndiye aliyetaka kulipa bara zima falsafa moja ya wakati. Kenyatta aliandika habari za kabila moja, na mahali anapoeleza pombe ile iliyomwagwa chini sioni vazi la mgeni yeyote.