Mkono wa roboti, jicho la akili mnemba

Septemba 7, 2001, Profesa Jacques Marescaux aliketi New York akaondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa. Kwa mkazi wa Majengo, Sumbawanga, mkoani Rukwa, ambaye akipewa rufaa ya Mbeya husafiri zaidi ya kilomita 300, kazi ile inafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Kwanza, mikono. Roboti ile, Zeus, haikuamua lolote. Profesa alishika vishikio, kompyuta ikachuja mtetemo wa vidole na kuupunguza kila mwendo, kisha vyuma vyembamba vikaufuata ndani ya tumbo kupitia matundu madogo.

Pili, mawasiliano. Majaribio ya awali yalionyesha kuwa picha ikichelewa kupita takriban milisekunde 300, usalama unapotea, kwani mkono unatangulia jicho. Mkongo uliotengwa kwa kazi hiyo ulishusha ucheleweshaji hadi yapata 155. Upasuaji ukachukua dakika 54.

Tatu, watu. Kando ya kitanda walisimama madaktari wengine wa upasuaji, tayari kuipokea kazi endapo mtandao ungekatika.

Akili mnemba ilikuja baadaye, nayo husaidia macho. Hatari kubwa ya upasuaji huu ni kukata mrija mkuu wa nyongo kwa kuudhania ule mdogo wa mfuko. Programu hufundishwa kwa video ambazo madaktari wameziwekea alama, hadi itambue hatua za kazi, vifaa na viungo. Mkusanyo mmoja maarufu, Cholec80, una video 80, zote za Strasbourg.

Hapo ndipo penye funzo letu. Mgonjwa anayefika hospitali akiwa amechelewa, viungo vimevimba na kugandana, haonekani kwenye kamera kama yule aliyewahi. Jicho lisilowahi kumwona linaweza kukosea.

IRCAD, taasisi aliyoianzisha Marescaux, ilifungua kituo Kigali mwaka 2023 kufundisha upasuaji wa matundu madogo. Madaktari wa Rukwa wapelekwe huko. Hospitali ya mkoa ihakikishiwe umeme, kamera na wataalamu wa usingizi, na kila upasuaji urekodiwe kwa ridhaa ya mgonjwa. Roboti inunuliwe baada ya hayo, si kabla.